Reli ya Chumba cha Uani

Mkoa wa Rukwa hauna hata mita moja ya reli. Natangulia kulisema hili ili msomaji asije akashangaa katikati ya habari. Zamani tulikuwa nayo kidogo, kwenye ramani: njia itokayo Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210, huishia Mpanda, na Mpanda ilikuwa yetu tangu mkoa ulipoundwa mwaka 1974 mpaka ulipozaliwa mkoa wa Katavi mwaka 2012. Mwaka huo tulipoteza reli, viboko na asali kwa mpigo mmoja. Kusini iko TAZARA, lakini hiyo hupita Tunduma, na mtu wa Sumbawanga anayetaka kuisikia ikipiga honi hana budi kupanda basi kwa zaidi ya kilomita 200. Hapa juu ya uwanda wa Ufipa treni ni neno la kitabuni.

Neno hilo lilinisumbua katika kazi yangu. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 38, kumi na saba kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Katika chuo cha ualimu tuliambiwa kila siku kwamba somo lisilo na zana ni mchuzi usio na chumvi, nami nililishika neno hilo. Kwa mbegu, kwa chura, kwa mizani, zana zilikuwepo au zilitengenezwa. Kwa treni nilikuwa na chaki tu. Nilichora ubaoni, watoto wakanakili, na nilipokusanya madaftari nikakuta nusu yao wamechora lori refu. Mwaka 1986 mtoto mmoja wa darasa la tano aliniuliza swali ambalo wakaguzi wengi wasingelifikiria: "Mwalimu, magurudumu ni chuma na reli ni chuma. Mvua ikinyesha, kule mlimani haitelezi?" Nikamjibu kwamba huteleza, na ndiyo sababu reli haipandi mlima kama barabara, huuzunguka, huutoboa, au huupanda kidogo kidogo. Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Lakini usoni mwake niliona kwamba nimempa maneno, na yeye alitaka kuona.

Nilistaafu mwaka 2012. Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi wangu mwingine, ambaye sasa anaishi Ujerumani, alikuja kunisalimu akiwa na boksi chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, mabehewa matatu, na vipande vya reli vya kutosha kufanya mzunguko mmoja. Vilikuwa vimetumika, mtoto wa jirani yake alikuwa amekua na kuvichoka. Aliniletea pia kurasa alizonakilisha kutoka vitabu vya watu wanaofanya jambo hili kwa uzito, na ndimo nilimojua kwamba wenzetu huanza na meza. Treni huja mwisho.

Kabla ya meza, hesabu. Upana kati ya reli hizo mbili ni milimita 16.5. Uzidishe kwa 87, unapata 1,435 na nusu. Huo ndio upana wa reli nyingi za Ulaya na za China, na wa reli yetu mpya ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Lakini chukua 16.5 hiyo hiyo uizidishe kwa 64: unapata 1,056. TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 11, ukiigawa kwa 64, hakuna jicho litakaloiona. Wenye mapenzi na mchezo huu huko New Zealand na Afrika Kusini, ambako treni hupita kwenye reli za upana kama wa TAZARA, wanaijua hesabu hii na wanaitumia. Kwa hiyo reli iliyolala mezani kwangu inaweza kuwa SGR au TAZARA, kutegemea unajenga nini kandokando yake.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani. Mjukuu wangu, aliye kidato cha pili, aliwahi kupanda SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na tangu hapo hazungumzi habari ya chombo kingine. "Babu, tujenge ya umeme," akasema. Kaka yangu, aliyekuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, akauliza kwa utulivu: "Na ile niliyoijenga mimi mtaiweka wapi?"

Inanipasa nimweleze kaka. Ananizidi miaka minne, ana 77. Mwaka 1971, mimi nikiwa bado shule, yeye aliondoka hapa na vijana wengine kwenda kuandikishwa kazi ya Reli ya Uhuru, kama ilivyoitwa. Mkataba kati ya Tanzania, Zambia na China ulikuwa umetiwa sahihi mwaka 1967, kazi ikazinduliwa Oktoba 1970, reli zikakamilika kutandikwa Juni 1975, na njia nzima ikakabidhiwa Julai 1976. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, 975 kati ya hizo zikiwa upande wetu. Kaka alikuwako miaka mitatu na hakutandika reli hata siku moja. Alikuwa mtu wa tuta. Walipomaliza tuta walihamishwa kwenda kwenye tuta jingine mbele, na reli zikaja nyuma yao wakiwa hawapo. Picha zote unazoziona za kazi ile zinaonyesha watu wameshika reli na nyundo. Kaka hutania kwamba yeye yumo katika kila picha, ila yuko chini ya mataruma.

Sasa ana presha ya macho. Daktari alimweleza wazi kwamba uoni uliokwisha kupotea hauwezi kurudishwa, na dawa anazotia ni za kulinda uliobaki. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kupitia mrija, na mrija wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Kwa hiyo ugomvi wetu uliisha upesi. Mjukuu aliinamisha kichwa akasema, "Basi iwe TAZARA kwanza, Babu Mkubwa." Neno hilo la "kwanza" nililisikia, nikanyamaza.

Ikabaki shauri la chumba. Chumba chenyewe kiko uani, na mke wangu hukitumia kuhifadhia mahindi. "Mahindi yatalala wapi?" aliniuliza, na ni swali ambalo katika mkoa wetu halijibiwi kwa mzaha. Tulikubaliana kwamba meza itakuwa na urefu wa sentimita 90 kutoka sakafuni, ili magunia yakae chini yake juu ya vichaga, na kwamba katikati pasiwe na mguu wa kuzuia magunia kupita. Sharti hilo la mwisho lilinipa kazi kuliko mengine yote. Meza yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, isiyo na mguu katikati, hulegea tumboni, na reli iliyolegea tumboni si reli.

Dawa niliipata katika zile kurasa. Mmarekani mmoja, Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Model Railroader, ndiye aliyeueneza ufundi huu miongoni mwa wenzake. Huchukui boriti nene. Unachukua mbao mbili za kawaida, moja ukaisimamisha kwa ubavu na nyingine ukailaza juu ya ukingo wake, ukazishika kwa gundi na skrubu mpaka ukizitazama kwa upande wa ncha unaona herufi L iliyopinduliwa. Mbao iliyosimama hukataa kupinda kwenda chini; iliyolala hukataa kupinda kwenda pembeni. Jozi mbili za namna hiyo zinakwenda urefu wa meza, na juu yake unakatiza mbao nyingine kila baada ya sentimita 40. Uzuri wake ni kwamba mbao za kukatiza hufungwa kwa skrubu zinazoingia kutoka chini, kupitia ile iliyolala. Ukitaka kusogeza moja, hubomoi kitu. Unachuchumaa na bisibisi.

Mbao nilinunua za paini. Muuzaji aliniapia kwamba zimekauka, lakini nilipoinua moja nilisikia uzito wa maji, nikalipa bei ya mbao mbichi na si zaidi. Nilizipanga barazani tangu mwanzo wa Julai, nikaweka vijiti kati ya mbao na mbao, nikaachia upepo wa Ufipa ufanye kazi yake. Kila aliyewahi kuishi hapa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, anaujua upepo wa Julai. Mwishoni mwa Oktoba mbao mbili zilikuwa zimejipinda kama pinde; hizo nikazikata kuwa nguzo fupi. Zilizobaki zilinyooka, na zimestahimili masika mawili bila kucheza.

Sakafu ya chumba inainama kuelekea mlangoni, maana fundi aliijenga hivyo ili maji ya kuoshea yatoke. Kwa hiyo chini ya kila mguu nilitoboa tundu, nikaingiza boliti yenye nati, uweze kuupandisha au kuushusha mguu kwa kuzungusha tu. Nilikuwa na pimamaji. Mjukuu alikuwa akilisoma lile povu na kuniambia, "Bado, bado, sasa." Kaka akaomba asogezwe. Akalaza viganja viwili juu ya fremu, mikono imetanuka, akakaa hivyo kama dakika nzima. "Upande wa magunia uko chini," akasema. Tulipoweka pimamaji mahali alipoonyesha, povu lilikuwa limekwenda unywele mmoja nje ya mstari.

Msomaji atauliza kwa nini sikupigilia plaiwudi juu ya meza nikatandika reli zangu, nikamaliza. Ingekuwa meza ya mchezo, na treni ingekwenda kwenye uwanja wa mpira. Nchi haiko hivyo. Kipande kigumu kuliko vyote cha TAZARA, kutoka Mlimba hadi Makambako, karibu kilomita 157, hutoka bonde la Kilombero na kupanda hadi zaidi ya mita 1,600, na huko ndiko mahandaki na madaraja yalikosongamana. Baada ya hapo njia hupanda tena hata kufikia Uyole, karibu mita 1,790, pale ilipo juu kuliko mahali pengine pote. Kwa kipimo chetu cha 64, njia nzima ya Kapiri Mposhi ingekuwa na urefu wa kilomita 29, na kipande cha Mlimba peke yake kilomita mbili na nusu. Mimi nina mita tano na nusu za mzunguko. Ilibidi nichague kitu kimoja cha kusema, nikachagua kupanda.

Basi plaiwudi niliikata utepe, upana wa sentimita saba, ukifuata njia ya reli, na utepe huo ukakaa juu ya nguzo fupi zilizofungwa kwenye mbao za kukatiza. Nguzo ya kwanza urefu wake ni sentimita 10, ya pili 10.8, ya tatu 11.6, na kuendelea, mpaka upande wa nyuma unakuwa sentimita 5 juu ya upande wa mbele ndani ya mita mbili na nusu. Hiyo ni sentimita mbili kwa kila mita. Plaiwudi yenyewe hujipinda polepole mahali mwinuko unapoanza, haivunjiki ghafla, na hilo ni jambo jema, maana behewa la katikati lisiloshika reli ndilo huanguka.

Kabla ya kugandisha gundi tulifanya jaribio ambalo nilikuwa nikilidai nafsi yangu tangu 1986. Tulichukua ubao mmoja mrefu, tukaweka juu yake reli zilizonyooka, tukatia umeme. (Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitoka Zambia, na siku hiyo ulikatika mara mbili.) Kwa sentimita mbili kwa mita kichwa kilivuta mabehewa matatu bila kulalamika. Kwa nne kilipunguza mwendo. Kwa saba magurudumu yalizunguka na treni ikasimama pale pale, ikipiga kelele kama nyuki. Mjukuu akalowesha kidole, akapaka reli maji, tukarudia, na safari hii iligoma mapema zaidi. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa dirishani. Mmoja wao akasema, "Inataka barabara ya kuzunguka." Yule mwanafunzi wangu wa darasa la tano sasa ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na sijui aliko. Ningependa awepo.

Sasa tuta. Reli ikikaa moja kwa moja juu ya plaiwudi, chumba kizima hulia kama ngoma. Ulaya huweka utandu wa gome laini la ule mti wanaotengenezea vizibo vya chupa. Hapa tuna kandambili. Niliokota na kununua zilizochakaa, mjukuu akazikata kwa kisu cha kiatu vipande vya upana wa sentimita nne, kingo zimelala mshazari kama ubavu wa tuta la kweli, tukavipanga viwili viwili, mstari wa kati ukiwa kwenye maungio. Kaka alipogusa mara ya kwanza alichukizwa. "Mpira?" Akabonyeza kwa dole gumba, akaachia, akabonyeza tena. Kisha akaeleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka hamsini: kwamba tuta zuri si gumu kama jiwe. Udongo humwagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka hushindiliwa kabla ya jingine kuja, na kazi ikifanyika vyema tuta hupokea uzito na kuurudisha. Ukirundika lote kwa siku moja ukashindilia juu tu, linaonekana sawasawa mpaka masika ya kwanza.

Anadai kwamba Wafipa kambini walisifika kwa matuta, kwa sababu ya kilimo chetu cha kufukia majani ndani ya vilima vya udongo ili yaoze yawe mbolea. Sina ushahidi. Nadhani kila kabila lilikuwa na kaka wa namna hiyo katika kambi ile.

Habari ya maji, hata hivyo, haina mzaha. "Adui wa reli ni maji," husema, "treni ni mgeni tu." Mvua za mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 ziliharibu vibaya Reli ya Kati upande wa Kilosa hadi Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Kaka aliisikiliza habari hiyo redioni kama mtu anayesikiliza habari ya ndugu. Ndiyo maana alitaka tuta letu liwe na mitaro, na makalvati mahali bonde linapokatiza, ingawa ndani ya chumba cha uani hakunyeshi. Nilimwambia kwamba hakuna atakayeyaona. Akasema hata yale mengine hakuna anayeyaona.

Jioni moja tulipokuwa tukipaka gundi na kunyunyiza kokoto, yaani mchanga wa mto tulioupepeta kwa chujio la chai, alipapasa ukingo wa meza mpaka pale reli inapoanza kupanda, akauliza hapo kuna nini. Nikamwambia hapo kuna mkato kati ya vilima viwili, bado sijaujaza. Alikaa kimya. Kisha akasema kwamba mwaka 1972, mahali kama hapo, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na ukingo wa mkato ulishuka asubuhi wakati wa kubadilishana zamu. Kijana mmoja wa kwetu, wa upande wa Nkasi, waliyelala naye hema moja, alikuwa chini. Walimfukua kwa mikono kwa sababu waliogopa majembe. Baada ya mazishi walipewa siku moja, halafu wakarudi kumalizia pale pale, kwa kuwa reli zilikuwa zikija nyuma.

Mama yetu alikufa bila kuisikia habari hiyo. Mimi mwenyewe nimeishi naye mji mmoja miaka yote hii, tumekula pamoja sikukuu zote, na sikuijua. Mjukuu alikuwa ameshika chujio mkononi, mchanga unamwagika sakafuni, hakuna aliyemkemea.

Mkato huo tumeujenga kwa magazeti yaliyolowekwa na udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba. Kaka aliushindilia mwenyewe kwa kitako cha kijiko, tabaka nne, siku nne. Mjukuu alishauri tuweke msalaba mdogo, kaka akakataa. Akataka mfereji wa juu ya ukingo, ule unaokusanya maji ya mvua na kuyapeleka kando kabla hayajashuka kwenye mkato. Alisema wakati ule ulikuwa haujachimbwa bado. Tumeuchimba kwa msumari. Una urefu wa sentimita 31, na jana nilimkuta akiufuata kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali ambapo maji yangeweza kutuama.